Waliokuja Kuomba Bunduki Tena

Siku yangu ya kwanza kazini, mjane mmoja alikuja na bunduki ndani ya mfuko wa kubebea mbao za kuteleza kwenye theluji. Alikuwa amepanda nayo treni ya chini ya ardhi kutoka Akalla, akakaa katikati ya watu waendao kazini, mfuko umeegemea goti lake.

"Ni ya marehemu mume wangu," aliniambia dirishani. "Nimeikuta nyuma ya kabati la makoti. Chukueni."

Asubuhi hiyo nilikuwa nimefundishwa mambo mawili tu: pa kutundika koti langu na namna ya kuwasha mashine ya kahawa. Niliupokea mfuko kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Gunvor, mama wa makamo aliyepangiwa kunifundisha kazi, alikuja bila haraka, akauelekeza mtutu kwenye pipa la mchanga lililokuwa pembeni, akavuta nyuma bolti, kile chuma kinachofunga chumba cha risasi. Risasi moja ikadondoka sakafuni na kubingirika hadi chini ya kiti. Yule mjane akakaa ghafla.

"Kila bunduki ina risasi mpaka uwe umetazama mwenyewe," Gunvor aliniambia. "Na ukishatazama, bado ishike kama ina risasi." Kisha akamletea mjane kahawa, akamuuliza habari za mumewe. Walizungumza muda mrefu. Mimi nilipiga magoti kuitafuta risasi.

Naitwa Rehema. Nilizaliwa Kigoma, nikaja Stockholm nikiwa bado msichana, nikasoma sheria huku nikilea mtoto, na maisha yangu yote ya kazi yamepita kwenye ofisi ya polisi inayotoa leseni za silaha. Msimu wa kuchipua wa mwaka huu nimestaafu. Nawaandikia ninyi vijana ambao wazazi wenu ni Wakenya, Wakongo, Warundi na Watanzania, mnaofanya kazi katika ofisi za serikali za hapa na kuja kwangu Rissne kunywa chai Jumamosi. Mmeniuliza mara nyingi kazi yangu ilikuwaje hasa. Nikiwaeleza kwa Kiswahili mnanijibu kwa Kiswidi, kama binti yangu Salma. Basi sasa someni. Vyeo na mishahara sitavigusa. Viko kwenye mafaili ya utumishi na havimfurahishi mtu yeyote. Majina ya watu nimeyabadilisha, na yule mmoja ambaye habari yake ni ndefu amenipa ruhusa mwenyewe.

Kwanza mwelewe jambo moja. Hapa Sweden bunduki si haki ya mtu kama ilivyo haki ya kupiga kura. Ni ruhusa. Unapewa kwa sababu unawinda, au kwa sababu unalenga shabaha kwenye klabu, na kwa sababu dola inaamini kuwa hutamdhuru mtu. Ukihukumiwa kwa ugomvi, kwa vitisho, kwa kuendesha gari umelewa, au kwa jinai ya silaha, ruhusa hiyo huondolewa, au kama hukuwa nayo huipati. Ila haiondoki milele. Baada ya miaka unaweza kuomba, na mtu fulani mezani ataamua kama umebadilika. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Waombaji wenyewe hawakuiita ruhusa. "Nataka haki yangu," walisema kwenye simu, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikazoea kuwaacha waseme hivyo. Wengine walilia. Kwa mtu aliyezaliwa kijijini huko kaskazini, kubaki nyumbani wiki ile ya msimu wa elgi, yule mnyama wa jamii ya kulungu anayemzidi ng'ombe kwa kimo, ni aibu inayoonekana na kijiji kizima. Kila mwanamume yuko msituni, yeye anatengeneza uzio. Mkewe akienda dukani anaulizwa.

Gunvor alikuwa mwindaji mwenyewe, amekulia huko huko kaskazini, na alinifundisha kusoma hukumu. "Isome mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza ujue alichofanya. Mara ya pili ujue aliyefanyiwa alipatwa na nini." Vijana wengi husoma mara moja, tena kwa kuruka. Barua za sifa kutoka kwa mchungaji, mwajiri na kocha wa mpira Gunvor aliziweka chini kabisa ya faili. Hakuzidharau, ila alisema hajawahi kuona mwombaji aliyeleta barua kutoka kwa mtu asiyempenda.

Kifaa tulichokitegemea kuliko vyote kilikuwa ramani. Mtaniambia kompyuta inajua kila kitu. Inajua, ukiiuliza. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na mwombaji mmoja mpole mno, suti nzuri, sauti ya kubembeleza. Alikuwa amehukumiwa kwa kumpiga mkewe na kumtishia, wakaachana, ikapita miaka bila kosa jingine. Vyeti vyote vilikamilika, na alikuwa amekodi eneo la kuwindia nguruwe mwitu. Nilikuwa tayari kumpa. Gunvor akaniuliza, "Eneo hilo liko wapi?" Nikamtajia jina la kijiji. "Sijakuuliza jina," akasema, akatandaza ramani mezani. Tulitafuta anwani ya yule mke wa zamani. Shamba la kuwindia liliishia kwenye ua wake wa nyuma. Kulikuwa na maeneo mengi ya kukodi katika mkoa huu, na yeye alikuwa amechagua hilo.

Tulimkatalia. Akaenda mahakama ya utawala, nayo ikatuunga mkono. Alinipigia simu mara moja tu baadaye, kwa sauti ile ile ya upole, kuniambia kuwa mimi sielewi utamaduni wa uwindaji. Nilimshukuru kwa kupiga simu.

Kuhusu nguruwe mwitu, niongeze hili. Wawindaji ni watu wakarimu, na kila msimu wa baridi kuna aliyejaribu kuniletea paja la nguruwe lililofungwa kwenye gazeti. Mtumishi wa umma haruhusiwi kupokea zawadi, na mimi ni Mwislamu. Nilikuwa na sababu mbili za kukataa, na bado walibaki wakinitazama kama niliyewatukana.

Sasa nifike kwa Deo.

Faili lake lilinifikia Gunvor akiwa amekaribia kustaafu na mimi nikiwa nimeshakomaa kazini. Deo alizaliwa Burundi, akaja na mama yake akiwa mdogo, akakulia mtaa wa Tensta hapa Stockholm. Alipokuwa na miaka kumi na tisa rafiki yake wa shule alimpa mkoba amtunzie. Ndani kulikuwa na bastola. Polisi waliikuta chini ya sinki bafuni kwa mama yake. Alihukumiwa kifungo.

Niliisoma hukumu mara ya pili, kama nilivyofundishwa. Bastola ile ilikuwa imefyatuliwa siku chache kabla, kwenye mlango wa duka. Deo hakuwapo. Lakini nyuma ya mlango ule alikuwapo mama muuzaji, na vioo vilimkata usoni na kwenye jicho.

Baada ya kifungo Deo alipata kazi ya kukata miti kwa mkandarasi, akamwoa Lena, muuguzi, wakaenda kuishi shambani kwa baba yake Lena kaskazini mwa jiji. Baba mkwe aliitwa Bengt. Kwa miaka Deo alifuatana na kikundi cha wawindaji bila silaha: anaswaga wanyama, anachuna, anabeba. Akafanya mtihani wa uwindaji, akafaulu. Akaomba leseni, mwenzangu mmoja akamkatalia, mahakama nayo ikakataa. Sasa alikuwa ameomba tena, na safari hii meza ilikuwa yangu.

Nilimpigia simu. Nilipotaja jina langu nikasikia, "Shikamoo, mama. Jina lako ni la kwetu."

"Marahaba. Sasa tuendelee kwa Kiswidi."

"Mama, niko naomba tu unisikilize—"

"Nitakusikiliza. Lakini kila unachoniambia lazima mwenzangu wa meza ya pili aweze kukisoma na kukielewa. Tukizungumza Kiswahili hapa, wewe ndiye utakayeumia."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekatishwa tamaa, akahamia Kiswidi. Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa mkuu wangu, nikamweleza kuwa mwombaji anazungumza lugha yangu. Akaniuliza kama namfahamu. Nikasema simfahamu, wala ndugu zake siwajui. "Basi lifanye wewe," akasema, "na Gunvor asome pamoja nawe." Nawashauri hivyo hivyo: kwendeni mkaseme kabla hamjaulizwa. Mji huu sisi ni wachache, na kila mtu anadhani tunajuana.

Deo alikuja ofisini amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, mikono yake mikubwa, imechubuka kwa kazi. Nilimuuliza juu ya bastola. Wengi katika hatua hii husema hawakujua kilichomo kwenye mkoba.

"Nilijua," alisema. "Niliufungua nikaiona. Nilijua pia kuhusu duka. Mtaa mzima ulijua."

"Na yule mama wa dukani?"

Alitazama meza. "Nilikuwa nanunua mkate kwake. Alikuwa ananiita mwanangu. Nilikaa na ile kitu bafuni, na siku ya pili yake nikapita mbele ya duka lake, mlango umezibwa kwa mbao. Sikusema chochote."

Nilimuuliza kilichokuwa kikinisumbua tangu mwanzo. Sheria ilikuwa upande wake kama angevuta subira. Kumbukumbu ya hukumu kama yake hufutwa kwenye rejista baada ya miaka, na muda huo haukuwa mbali. Kwa nini aombe sasa, wakati imekaa wazi kwenye faili, badala ya kusubiri ifutike?

"Kwanza, mzee hatasubiri. Ana saratani ya mapafu. Anataka kuniona nimesimama kwenye nafasi yake msituni. Na pili, ikifutika nitapewa na mtu asiyejua. Mimi nataka anipe mtu anayejua."

Nimesikiliza maombi kwa maisha yangu yote ya kazi, na hilo sikuwahi kulisikia kabla wala baada yake.

Mimi na Gunvor tulikwenda shambani kukagua kabati la chuma la kuhifadhia silaha na kuona nani anaishi humo. Kabati lilikuwa zito, limefungwa ukutani kwa boliti, halina kitu ndani. Mtoto wa kiume wa darasa la kwanza au la pili, Elias, alituonyesha mbwa wao na jino lake lililong'oka. Mzee Bengt alikuwa jikoni, mrija wa hewa puani, mbele yake kikombe cha kahawa asichokunywa.

"Umewahi kumwona akikasirika?" Gunvor alimuuliza waziwazi, Deo akiwa nje.

"Mkwe wangu? Mara nyingi. Mwaka juzi niliangusha mti vibaya, nusura umpige. Alikuwa na shoka mkononi." Mzee akavuta pumzi. "Aliliweka shoka chini kwanza. Ndipo akanitukana. Matusi mengine ya Kiswidi sikuyajua mimi."

Nilitoka na Lena hadi kwenye banda, tukiwa wawili tu, nikamuuliza swali linaloulizwa kila mke. "Unamwogopa?"

"Namwogopa akiendesha gari," alisema. Kisha akaona kuwa sicheki. "Hapana. Simwogopi. Ningemwogopa nisingekuwa hapa, na baba asingekuwa amenyamaza."

Kwenye gari tukirudi mjini, nilimgeukia Gunvor tulipoanza kuona majengo. "Ungemkatalia," nilisema.

"Ningemkatalia. Nimempenda kijana, nimempenda mzee, na ningemkatalia. Kosa lake si ngumi za baa. Ni silaha. Kila wiki kuna watoto wanapigwa risasi kwenye mji huu na bastola zilizotunzwa na mtu fulani bafuni. Tukimpa huyu, tutamwambia nini wa kesho?"

"Tutamwambia aje tumtazame kama tulivyomtazama huyu."

"Ukikosea, Rehema, jina lako ndilo litakaloandikwa chini."

"Najua."

Nilikaa na faili lile muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi yangu. Sikuwa na shaka na kabati wala na mtihani. Niliwaza juu ya yule mama na jicho lake, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza, kwa kuwa sheria haisemi aulizwe. Niliwaza pia kama nampendelea mtu kwa sababu ameniita mama. Kwa hiyo nikafanya jambo: nikaandika uamuzi wa kukataa, wote, mpaka mwisho, kwa hoja nzuri kabisa, nione kama nitauamini. Ulikuwa uamuzi safi. Kila sentensi ilimhusu kijana wa miaka kumi na tisa. Yule mtu aliyeweka shoka chini hakuwamo hata kwenye aya moja.

Niliufuta nikaandika mwingine. Alikuwa ameomba silaha tatu. Nilimruhusu moja, bunduki ya Mzee Bengt ya kuwindia elgi, na nikaeleza sababu kwa urefu. Gunvor aliusoma na miwani yake puani.

"Nitasaini kuwa nimesoma," alisema. "Sitasaini kuwa nimependa."

"Hakuna mahali pa kusaini kuwa umependa."

"Ndiyo maana nimekuambia kwa mdomo."

Msimu huo Bengt alikuwa bado hai. Walimweka kwenye gari kando ya msitu, blanketi magotini, dirisha wazi. Lena alinisimulia baadaye kuwa mlio mmoja ulisikika kutoka upande wa Deo, na mzee akasubiri taarifa kwenye redio ya mkono. Deo alikuwa amemkosa elgi, karibu mno, mahali ambapo hata mtoto angempata. Bengt alicheka mpaka akakohoa, wakalazimika kumrudisha nyumbani. Alikufa kabla ya Krismasi.

Ningependa kuwaambia kuwa baada ya hapo nilimsahau Deo. Kila habari ya risasi iliposomwa redioni nilisikiliza mtaa gani, kisha nikasikiliza silaha gani. Wakisema bastola, si bunduki ya kuwindia, napumua. Hivyo ndivyo nilivyoishi. Wanaokataa maombi hawalali vizuri wiki moja. Wanaokubali huendelea kusikiliza redio kwa miaka. Gunvor alistaafu, akarudi kaskazini kwao, akanitumia kadi yenye picha ya mbwa. Nikafundisha wengine. Ofisi ilihama jengo, mashine ya kahawa ikawa mbaya zaidi.

Mwaka wangu wa mwisho, asubuhi moja ya baridi, waliniita dirishani. Deo alikuwa amesimama pale, nywele zimeanza mvi, ameshika mkoba mrefu wa bunduki. Nyuma yake, kwenye benchi, alikaa kijana mrefu amejikunyata ndani ya koti, anatazama viatu vyake. Sikumtambua Elias mpaka aliponyanyua uso.

"Nimeileta," Deo alisema. "Nataka mwiharibu."

Nilimkaribisha chumba cha ndani. Nilivuta bolti, nikatazama, nikatazama tena. Ilikuwa safi, imepakwa mafuta, imetunzwa kama chombo cha kazi. Nikamuuliza kimetokea nini.

Elias alikuwa amemaliza shule ya sekondari mjini, na siku za wiki bado alikuwa akilala Tensta kwa bibi yake, mama yake Deo. Huko kulikuwa na vijana aliosoma nao. Walijua baba yake ni mwindaji. Elias mwenyewe alikuwa amewaambia zamani, kwa kujisifu. Sasa wawili kati yao walikuwa wamemtaka awape namba ya siri ya kabati. Hawakumtishia, walimwomba kirafiki, wakisema itaonekana kama wizi wa kawaida na hakuna atakayejua. Wakampa mpaka Jumapili afikirie.

"Aliniambia jana asubuhi," Deo alisema, "tukiwa tunamtoa mbwa. Hakunitazama. Aliongea kwa Kiswidi haraka haraka, kisha akaniuliza, 'Pappa, utanifukuza?'"

Nilimweleza njia zilizokuwapo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi. Angeweza kuihifadhi kwa mwenzake wa kikundi mwenye leseni, au kwa muuza silaha. Angeweza kuibadilisha namba ya kabati. Angeweza kuiuza.

"Nikiiweka kwa jirani, wataenda kwa jirani. Na bunduki ya mzee siiuzi." Aliweka kiganja juu ya kitako cha mbao, pale palipokuwa pamelainika kwa mashavu ya watu wawili. "Mama, nataka Elias aweze kuwaambia haipo, na iwe kweli. Yeye hajui kudanganya. Mimi nilijua, katika umri huo."

"Lena anajua?"

"Amelia. Kisha ameniletea mkoba wa kuibebea."

Nilimkumbusha kuwa akiomba tena siku moja, kwa bunduki nyingine, ataanza upya na mtu mwingine, mimi sitakuwapo. Alisema anajua. Nikaandika risiti ya makabidhiano. Kisha nikatoka hadi kwenye benchi. Elias alisimama. Nilimwambia kuwa alichofanya jana ni kigumu, na kwamba kimebaki kingine kigumu zaidi, ghorofa ya juu, kwa mpelelezi ambaye mimi namwamini, na kwamba hakuna atakayemlazimisha kupanda ngazi. Alimtazama baba yake. Kisha akavuta zipu ya koti mpaka shingoni, akaniuliza kwa Kiswidi, "Ghorofa ya ngapi?"

Walikaa huko juu mpaka mchana. Waliyosema si yangu kuyasimulia. Baada ya hapo Elias hakurudi kulala Tensta. Mjomba wake Lena alimtafutia kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, mbali kaskazini, na kwa miezi mingi hakuja hata nyumbani, kwa usalama wake. Bibi yake alihamia shambani. Deo aliniambia kuwa nyumba ilijaa na bado ilikuwa tupu.

Ile bunduki ilikwenda na nyingine zilizokusanywa, ikayeyushwa. Sikwenda kutazama. Mtumishi halazimiki.

Majani yalipoanza kubadilika rangi, nikiwa nimestaafu tayari, Lena alinipigia simu. Alisema sasa Deo si mwombaji na mimi si afisa, kwa hiyo hakuna wa kunizuia kuja kutazama uwindaji wa elgi baada ya kuusoma kwenye karatasi miaka yote ile. Nilikwenda. Walinivalisha fulana ya rangi ya chungwa iliyonifika magotini, wakaniketisha kwenye kisiki na chupa ya chai, wakaniambia nisisogee.

Deo alipita mbele yangu akiwa na mbwa kwenye kamba ndefu, mikono mitupu. Kikundi kilikuwa kimempa kazi ya mbwa: ndiye anayemtoa mnyama vichakani, na mnyama akijeruhiwa ndiye anayefuata damu mpaka ampate. Hakuna anayekubali kuingia msituni bila yeye.

"Unaikosa?" nilimuuliza.

"Bunduki? Naikosa asubuhi, wenzangu wakifungua makabati." Mbwa alimvuta, akapepesuka hatua mbili. "Mchana huyu ananichosha, nasahau."

Jioni walikuwa wamempata elgi mmoja, dume. Watu walikusanyika bandani, mvuke ukitoka vinywani, visu vinanolewa. Simu ya Deo ikaita. Aliifuta damu mkononi kwa suruali, akaipokea kwa spika, kwa kuwa mikono yake haikuwa safi.

"Har ni fått nåt?" sauti ya Elias ikauliza. Mmepata kitu?

"Tumepata," Deo akajibu kwa Kiswahili. "Mkubwa. Nyama ni nyingi, sisi ni wachache. Njoo Jumamosi utusaidie kukata."

Lena aliacha kunoa kisu. Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, akainamisha kichwa ili asikie.

"Inawezekana nije?" Elias aliuliza, na safari hii kwa Kiswahili, kibovu, polepole.

"Tumewauliza polisi. Inawezekana."

Jumamosi alikuja, na kisu chake mwenyewe.